Mbwa Aliyeitwa Kelestini

Balbina aliunyanyua mchi kwa mikono miwili, akauweka sawa juu ya kichwa cha mbwa, akangoja ageuke.

Mbwa hakugeuka. Alikuwa amelala ubavu nyuma ya nyumba, chini ya kichanja ambacho mume wake Balbina alizoea kupasulia magogo, na pua ameizamisha ndani ya lundo la unga wa mbao. Nzi walitembea juu ya kope zake bila kufukuzwa. Mbavu zilimtoka. Bakuli la ugali wa jana lilikuwa palepale lilipowekwa, limekauka juu, na sisimizi walikuwa wakilihamisha taratibu kuelekea shimoni kwao.

Alitaka amtazame kwanza. Alitaka yale macho ya rangi ya kahawia yamwone yeye, ajue nani anampiga na kwa sababu gani. Katika nyumba ile hapakuwa na kitu ambacho mumewe alikipenda kama mbwa huyu. Mwanamume aliyeondoka bila kumwambia mkewe kwaheri ndiye huyo huyo aliyewahi kumbeba mbwa begani kutoka bondeni, siku nguruwe pori alipompasua paja, akamshona kwa uzi wa gunia huku machozi yanamtoka. Mchi wa Balbina usingeweza kufika Mbingu, kijiji alikohamia mumewe. Kichwa cha mbwa kilikuwa hapa.

Mbwa akavuta pumzi, akaupuliza ule unga mwekundu mbele ya pua yake, akavuta tena.

Balbina aliushusha mchi. Haikuwa huruma. Aliona tu kwamba mnyama huyu alikuwa tayari anakufa kwa hiari yake, na kwamba akimpiga atakuwa amemfanyia hisani. Hakuwa na hisani ya kumfanyia mtu yeyote mwaka ule.

Mbwa aliitwa Doria, jina ambalo mumewe alitoka nalo jeshini, kambi ya Chita, enzi za ujana. Alikwishazoea kuachwa. Mwenye mbwa alikuwa mpasua mbao, na kila kiangazi alipanda milima ya juu ya Mbingu na mwenzake Theodori, wakakaa huko wiki kadhaa. Mbwa hawakumchukua, maana chui wa kule walipenda nyama ya mbwa kuliko ya mbuzi. Siku ya kwanza Doria alikuwa akienda hadi kwenye kona ya barabara ya Mlimba na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka miguu inajaa vumbi. Siku zilizofuata alikula kidogo, akalala kwenye unga wa mbao, kwenye harufu. Akibweka, alibweka kwa sababu ya kazi tu, bila moyo. Kisha jioni moja masikio yalisimama kabla mtu yeyote hajasikia kitu, na Balbina akajua aongeze maji kwenye sufuria, baba anakuja.

Safari hii kiangazi kilipita, mawingu ya vuli yakaanza kujikusanya, na badala ya mtu ikaja habari. Mumewe, Baba Justa, amepanga nyumba Mbingu. Anaishi na msichana aitwaye Nelly, aliyekuwa akipika chakula cha wapasua mbao, mtoto wa watu wa mashamba ya miwa. Balbina aliipokea habari hiyo akiwa anapepeta mchele, na hakuacha kupepeta. Aliendelea kurusha na kudaka hata pumba zilipokwisha, mchele mtupu ukiruka na kurudi, mpaka jirani aliyeileta habari akaona haya akaondoka.

Mchana ule ule wa mchi, alikuja wifi yake Brigitha, dada mkubwa wa mumewe. Alikaa kwenye kigoda, akalalamikia jua, akalalamikia goti, halafu akasema kilichomleta. Baba Justa anaomba msumeno wake mkubwa pamoja na tupa ya kunolea. Kuna lori la mbao linarudi Mbingu kesho.

Balbina aliuliza kama ameulizia kitu kingine. Kama ameulizia shamba nani atalilima. Kama ameulizia Justa, binti yao aliyeolewa Malinyi, aliyejifungua juzi tu. Brigitha alitazama ncha za vidole vyake vya miguu. Hapana, alisema, ametaja msumeno na tupa. Kisha, kama mtu anayetafuta cha kuongeza ili mzigo usionekane mdogo, akasema ametaja pia ule mkanda wa ngozi.

"Mwambie Kelestini aje auchukue mwenyewe," alisema Balbina.

Brigitha aliinua uso. Tangu Balbina alipoingia kwenye ukoo wao akiwa mwari, hakuna aliyewahi kumsikia akilitaja jina la mumewe. Alikuwa Baba Justa, na kabla ya Justa kuzaliwa alikuwa "yeye". Mwanamke aliyelelewa vizuri hakulitoa jina lile mdomoni, sembuse mbele ya dada mtu. Brigitha alifungua kinywa amkanye.

Nyuma ya nyumba kitu kilianguka. Mbwa alitokea akiyumba, upande mmoja wa mwili wote mwekundu kwa unga wa mbao, masikio yamesimama wima. Alipita katikati yao kama hawapo. Alinusa miguu ya Brigitha, akanusa mlango, akaenda hadi mwanzo wa njia akasimama pale, mkia unacheza kidogo, unasita, unacheza tena. Walimtazama wote wawili. Alisimama muda mrefu. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye bakuli akaumaliza ule ugali mkavu pamoja na sisimizi wake.

Baadaye, Brigitha alipokwisha kuondoka bila msumeno, Balbina alikaa akafikiri, akaelewa. Theodori ndiye aliyekuwa akija alfajiri, anasimama kwenye migomba na kuita, "Kelestini!" Na siku zote aliyetoka wa kwanza alikuwa mbwa. Kwake neno lile halikuwa jina la mtu tu. Lilikuwa mlango unafunguka, safari, harufu ya bwana wake ikitembea mbele.

Jioni alimpelekea mbwa ukoko wa wali. Akamwita Doria. Sikio halikutikisika. Balbina alitazama kulia na kushoto kama mwizi, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Kelestini."

Mbwa aliinuka. Alitazama njia, akamtazama yeye, akala.

Kesho yake alilisema kwa sauti ya kawaida. Kesho kutwa alilisema akiwa mlangoni, sauti ikatoka ikavuka uzio wa mabua, na kwa majirani mazungumzo yakakatika. Balbina aliusikia ukimya ule. Ulipita kooni kama uji wenye sukari. Ndipo alipojua amepata kitu ambacho kitafika Mbingu bila nauli.

Tangu hapo hakujibana. "Kelestini, njoo ule makombo yako." "Kelestini, toka jikoni, huna adabu." "Kelestini, usilambe sufuria, tabia gani hiyo ya kuonja kila chungu." Hakuwahi kumtukana mtu, alisema na mbwa. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani waligundua kwamba njia ya kupita kwake si ndefu sana. Walimwamkia, wakasimama kidogo kusubiri, na hakuwanyima.

Mwaka huo mvua hazikuwa za kawaida. Zilianza vuli zikaunganika na masika, zile ambazo redio ilikuwa ikiziita za elnino, na mto Kilombero ukatoka kwenye kingo zake ukatandaza maji hadi mahali ambapo wazee hawakuwahi kuyaona. Barabara ya Mbingu ilikatika. Daraja moja liliondoka na mti uliokuwa umeliegemea. Balbina alihamia shambani, kwenye kiinuko ambako mpunga wake ulikuwa umepona, akajenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, akawa anaulinda humo. Mchana aliwafukuza ndege kwa kugonga debe. Jioni kulipoanza kuwa kiza nguruwe walikuja kupitia matetani, na hapo ilikuwa kazi ya mbwa.

"Kelestini, kamata!"

Sauti ilisafiri juu ya maji. Kutoka kwenye madungu mengine, mbali kule gizani, ilirudi kicheko, kisha mtu mwingine akaita vilevile akimwiga, na mwingine, hadi bonde zima likawa linamtuma Kelestini kukimbiza nguruwe. Hata Minza, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilikuwa imefika na ng'ombe mwaka uliotangulia, ambaye hakumjua Kelestini wala ndugu yake, alipomletea Balbina maziwa alimsalimu mbwa kwa jina lake, kwa heshima, akidhani ndivyo watu wa huku wanavyowaita mbwa.

Mbwa alinenepa. Hakusahau, hilo Balbina aliliona. Kila jua lilipoinama alishuka kwenye tuta, akaelekea upande wa barabara, akasimama akisikiliza. Lakini hakukaa huko hadi giza kama zamani. Alikaa kiasi, akajikung'uta kama aliyetoka majini, akarudi kazini. Alijua sasa wapi mpunga unaanza na wapi unaishia. Usiku hakulala tena mahali penye harufu ya bwana wake, maana mvua zilikwisha kuuosha ule unga wote; alilala chini ya ngazi ya dungu, na Balbina alipogeuka kitandani alisikia mkia ukigonga udongo mara moja, kama mtu anayesema nipo.

Naye Balbina alikuwa akiamka asubuhi akijikuta amelala usingizi mzima. Alivuna mpunga ule kwa mikono yake, akaupiga kwenye turubai, akausomba kwa kichwa. Alipokuwa akiusomba mbwa alitangulia mbele, na watu waliokutana nao njiani walisema, "Naona Kelestini kakusindikiza, mama Justa." Akajibu kwamba ndiyo, huyu wa sasa hana matatizo.

Barabara ilipofunguka, Kelestini alikuja.

Hakuja nyumbani. Alifikia kwa Brigitha, akapeleka malalamiko ofisi ya kijiji: kwamba mke wake amemvunjia heshima kwa kumpa mbwa jina lake la ubatizo, na kwamba kule Mbingu kwenye kambi za mbao hawezi tena kuinua kichwa. Mwenyekiti, mzee Barnaba, alipanga siku. Watu walijaa kwenye kile chumba kimoja cha tofali za kuchoma, wakajaa madirishani, wakajaa barazani. Balbina alivaa kitenge alichovaa kwenye harusi ya Justa. Mbwa alimfungia nyumbani kwa kamba, lakini alipogeuka nusu ya njia alimwona anakuja, kipande cha kamba kinamning'inia shingoni. Alimwacha alale nje ya ofisi pamoja na baiskeli.

Kelestini alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, amenyoa, shati jipya. Hawakutazamana.

Mzee Barnaba alisafisha koo, akawaomba watu watulie, akasema mlalamikaji asimame ajitambulishe.

"Kelestini," aliita.

Kabla mwenye jina hajainuka, watu wa mlangoni walianza kusukumana. Mbwa alipenya katikati ya miguu yao, akavuka chumba, akaenda kukaa mbele ya Balbina, mkia unafagia sakafu, macho juu, akingoja ukoko wake.

Chumba kililipuka. Kuna waliopiga mapaja, kuna waliotoka nje wakalie machozi huko. Mzee Barnaba mwenyewe aliinamisha kichwa mezani akajifanya anatafuta kalamu. Balbina hakucheka. Alinyoosha mgongo akalipokea lile vumo lote kama mvua baada ya kiangazi kirefu. Alikuwa ameliota hivi hivi. Hata kwenye ndoto halikuwa zuri namna hii.

"Doria," alisema Kelestini.

Hakuita kwa nguvu. Mbwa hakujali lile neno. Ni sauti iliyomfikia. Aligeuza kichwa taratibu, pua ikafanya kazi, na kisha ikamtoka sauti ambayo watu wale, waliokaa na mbwa maisha yao yote, walikuwa hawajaisikia. Haikuwa kubweka. Ilikuwa kama mtoto aliyepotea sokoni anapoiona kanga ya mama yake. Alijirusha, akaanguka kwa haraka zake, akatambaa, akajikojolea, akapanda kifuani kwa yule mwanamume akamlamba macho, masikio, shati jipya. Kelestini alipiga goti. Aliuficha uso wake kwenye shingo ya mbwa akakaa hivyo, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Kicheko kilikufa. Balbina alitazama bila kupepesa. Ukoko wote ule, matope yote yale, dungu, na mnyama hakumgeukia hata mara moja.

Mzee Barnaba alipouliza kama ni kweli amemwita mbwa kwa jina la mume wake, Balbina alisimama. Alikuwa na maneno mengi aliyokuwa ameyaandaa, makali, yenye kuchekesha. Hakuyatumia.

"Ni kweli, mwenyekiti. Mbwa alikuwa hali chakula kwa kumngoja mtu. Nikamwita jina analolijua, akala. Lakini naomba niulize baraza. Mimi nimeachwa tangu kabla ya mvua, na hakuna aliyepanga siku. Jina limepewa mbwa, tumekaa wote."

Mzee Barnaba alipangusa miwani. Alinong'onezana na wajumbe wake, akatoa uamuzi: Mama Justa amekosa, atoe kuku mmoja kwa kumtuliza mwenzake, na asimwite tena mbwa jina la mtu. Kwa vile mbwa ni mali ya mlalamikaji, mbwa arudi kwa mwenyewe.

"Na mume arudi kwa nani?" aliuliza Balbina.

Mzee Barnaba alisema hilo si shauri lililoletwa. Akitaka alilete.

Alitoa kuku siku ileile. Alimchagua yule mwenye tabia ya kudonoa mayai yake mwenyewe. Lori la mbao lilipokuja, Kelestini alimpakia mbwa juu ya bodi, akapanda naye, na mbwa alikuwa na furaha kiasi kwamba hakutazama nyuma. Balbina alisimama kando ya barabara. Angeweza kumwambia yule mwanamume kwamba huyu hajui tena kuwa ni Doria. Angeweza kumwambia kwamba hali mpaka lisemwe neno fulani, na kwamba kwa neno hilo ataacha chochote na kuja mbio. Watu walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba Nelly ni msichana wa kisasa, anamwita mumewe kwa jina, Kelestini hivi, Kelestini vile, hata mbele za watu. Alifikiria nyumba ile. Alifikiria msichana akiita kutoka jikoni, na nani atakayewahi kufika.

Hakusema kitu. Lori liliondoka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Balbina alitabasamu.

Ikawa kama alivyotaka. Wauza ndizi waliotoka Mbingu kuja soko la Ifakara walimletea habari, na yeye aliwapimia mchele kwa kilele ili wasimulie tena. Kila Nelly akiita, wanakuja wawili. Akimwita mwanamume kwenye chakula, mbwa yuko mezani kabla yake. Wapasua mbao wamepata mchezo: mtu anasimama barabarani anaita, kisha wanaangalia nani anatoka. Balbina alicheka mpaka akashika ubavu. Baadaye walisema Kelestini amekataza jina lake lisitajwe pale nyumbani. Baadaye hawakusema sana. Alipomuuliza mmoja wao habari za mbwa, yule mama aligeukia ndizi zake, akasema mbwa yupo, akaanza kuzipanga upya chane ambazo zilikuwa zimepangwa.

Mawingu ya vuli yalikuwa yamerudi siku Nelly alipoingia uani. Ilikuwa alasiri. Balbina alikuwa chini, ungo mapajani, akichambua mbegu ya kupanda. Aliona kwanza miguu yenye vumbi, halafu mfuko wa nguo, halafu kamba ya mkonge, na mwisho wa kamba mbwa.

"Shikamoo, mama," alisema msichana.

Balbina alikuwa amemngoja mtu huyu mwaka mzima. Alikuwa na maneno yake, kila moja limenolewa. Aliiacha salamu ining'inie hewani, akachambua punje moja, mbili. Lakini kutoitikia shikamoo kulikuwa nje ya uwezo wake. "Marahaba," alisema, na hakumkaribisha kiti.

Nelly alikaa kwenye udongo. Alikuwa mdogo kuliko Balbina alivyomjengea sura, si mkubwa zaidi ya Justa. Alisema Kelestini ameondoka. Amekwenda Mahenge kwenye machimbo ya vito, alisema atatuma habari, na msumeno aliokuwa ameazima amekwenda nao ameuuza. Yeye amemngoja mpaka mwenye nyumba ameidai nyumba yake. Sasa anakwenda kwa wazazi wake, kwenye miwa. Mbwa hawezi kumpeleka kwenye kota za wafanyakazi. Na mbwa hali.

"Walisema wewe ulimlisha alipokuwa hali," alisema. "Nikaona nisimwache njiani."

Balbina alimtazama mbwa vizuri. Mguu wa nyuma hakuukanyagia. Mgongoni kulikuwa na mistari mitatu ambayo manyoya hayakuota tena, mipana, iliyonyooka, upana wa bapa la panga. Sikio moja lilikuwa limechanika.

"Mbona ni rahisi," alisema. Na hakuweza kujizuia, aliisikia sauti yake mwenyewe ikipanda kwa majivuno. Aliinuka, akasimama mlangoni mahali pake pa zamani, akaita ili hata jirani asikie:

"Kelestini!"

Mbwa alianguka. Alijilaza tumbo chini, kidevu ardhini, macho amefumba, na mkojo ukatoka chini yake ukatengeneza mfereji mwembamba kwenye vumbi. Hakutoa sauti. Alikuwa akingoja tu.

"Usimwite hivyo, mama," Nelly alisema taratibu. "Kila nilipomwita mwenyewe, huyu alikuja. Na kila alipokuja alipigwa. Kwanza alimpiga kwa hasira. Mwishoni alikuwa akinituma nimwite, ili ampige."

Balbina alibaki mlangoni. Mahali fulani nyuma ya uzio mtu alikuwa amecheka kwa kulisikia tena lile jina la zamani, kisha akanyamaza. Alikuwa amewaza sana juu ya nyumba ya Mbingu, kila pembe yake, kicheko kila pembe. Mkono wa yule mwanamume hakuuweka humo, ingawa aliujua. Miaka yote ile aliujua.

Aliingia jikoni, akatoka na wali wa mchana na vichwa vya perege. Hakumkaribia mbwa. Alikaa chini, mbali kidogo, akaweka sahani katikati. Akampa Nelly maji bila kumtazama. Halafu akamega tonge kutoka sahani ile ile akala yeye, akageuza uso upande wa pili, kama mtu asiye na haja na mtu. Kivuli cha nyumba kilihama kikawafikia, na ndipo Balbina aliposikia tumbo likisugua udongo, kidogo, likisimama, kidogo tena. Pumzi ya joto iligusa kifundo cha mkono wake. Hakuuondoa. Mbwa alichukua kichwa cha samaki kutoka kwenye vidole vyake kwa ncha za meno, kwa adabu, kama anayeogopa kuamsha mtu.

"Akirudi kupitia hapa?" Nelly aliuliza, karibu kwa mnong'ono.

"Atarudi. Wakiishiwa hurudi, na barabara ni hii moja."

"Utamwambia nini?"

Balbina alifuta mkono kwenye kanga. Alipitisha vidole juu ya ile mistari mitatu ya mgongoni, mmoja baada ya mwingine, bila kugusa.

"Safari hii sitaita mbwa," alisema. "Nitamwita mwenyewe, mbele ya baraza, na atakuja."

Nelly alimtazama. Aliusogeza mfuko wake wa nguo kutoka njiani akauweka ukutani.

Upande wa kona kulisikika lori likitoka mjini, limebeba, linapunguza mwendo. Mbwa aliacha kula. Lile sikio zima lilisimama. Lile lililochanika lilijaribu. Mkono wa Balbina ulibaki ndani ya sahani, na Nelly alikuwa amenyanyuka nusu, goti moja juu. Dereva alibadilisha gia, lori likanguruma, likapita. Vumbi lake lilivuka uzio likaja kutua juu ya mbegu kwenye ungo, juu ya wali, juu ya mikono yao, na mbwa alikuwa bado ametazama njia, punje nyeupe ya wali imemgandia puani.